Kanda Niliyosema Imeliwa na Panya

Yakobi, Njombe
Jumamosi, saa kumi alasiri

Mwanangu Eliza,

Kanda haikuliwa na panya. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ukiona mwandiko wangu utadhani ni mahubiri, utaikunja barua na kuikalia. Jana mezani uliponiomba kanda ya bibi yako uende nayo, nilikujibu kwa ukali kwamba panya wa darini waliimaliza zamani. Mama yako akainamia sahani yake. Alijua nadanganya. Wewe ukatoa vyombo, na leo asubuhi umeniamkia kama mpangaji anayemwamkia mwenye nyumba.

Kanda ipo. Iko hapa mezani, karibu na mkono wangu. Wewe na mama yako mmekwenda mjini kuwaaga wanakwaya, ukungu umeshashuka mpaka kwenye miti ya miwati, na ndani kumetulia. Nitaandika mpaka nisikie sauti zenu barabarani. Kisha nitaichomeka barua pamoja na vile viazi vya kuchemsha, kwa kuwa najua utaanza kuvila basi halijafika hata Makambako.

Habari za baridi ya huko, za vijana, za kutunza pasipoti, sizigusi. Mama yako ameyasema hayo tangu Jumatatu na bado hajachoka. Mimi nataka ujue kwa nini kaka yako Tito mpaka leo hajafika nyumbani. Kwamba alikufa unajua. Kwamba mimi ndiye niliyeharibu njia yake hukuambiwa, kwa sababu wakati ule ulikuwa bwenini, na uliporudi likizo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukueleza.

Lazima nianzie mbali kidogo, uvumilie. Kabla hujazaliwa nilikuwa mwalimu mkali. Watu husema hivyo kwa sifa, mimi nasema kwa aibu. Shuleni kwangu kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, na mtoto aliyekamatwa akisema Kibena alikivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Niliamini kabisa kwamba nawasaidia. Siku moja bibi yako alipita getini na kapu la viazi, na Tito, akiwa darasa la pili, akamkimbilia na kumwambia kamwene. Kamwene tu, salamu. Nilimvika kibao palepale mbele ya bibi yake, ili walimu wenzangu wasiseme nampendelea mwanangu. Mama aliniangalia, akajitwisha kapu lake, akaondoka. Hakunitajia jambo lile hata siku moja, na mimi nikadhani amelisahau.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa, mitumba ikapanda mpaka Matamba, na Makambako ikafurika wafanyabiashara wenye malori yao wenyewe. Tito akapata leseni na kuajiriwa na Bwana Seif, yule mzee wa Kondoa aliyefungua duka la vipuri karibu na stesheni. Na pale mjini Njombe kikafunguliwa kituo cha elimu chenye kompyuta mbili na jenereta. Walimu wenzangu walisema watu wazima hawachezei televisheni. Nikaenda mimi, mzee mwenye mvi, na huko nikamkuta Mwalimu Doroti.

Unamkumbuka kama mwalimu aliyekufundisha kompyuta wakati wa likizo, na kesho kutwa unapanda ndege kwenda kwake. Lakini hukuona alivyopokelewa. Watoto walimwita Mzungu, naye akawa anawasimamisha barabarani kuwaeleza kwamba yeye si Mzungu, watu wake walikuwa huko Amerika kabla Mzungu hajaijua njia. Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu. Nililifanyia mazoezi jina hilo wiki nzima. Aliniambia kwamba wazee wake walichukuliwa wakiwa watoto, wakapelekwa shule za bweni, wakapigwa kwa kusema lugha ya mama zao. Mimi niliangalia viatu vyangu. Kibao changu kilikuwa bado kinaning'inia nyuma ya mlango wa ofisi.

Alikuja na programu ya kompyuta ambayo watu wake waliitengenezea watoto wao. Wewe uliizoea, mimi ilinishika roho. Ilianza na maneno yao ya shukrani, yale yanayotangulia kila shughuli: wanawashukuru watu, ardhi, maji, samaki, mimea, ndege, upepo, mpaka nyota. Ukibonyeza picha ya maji, mzee anayashukuru maji kwa lugha yao. Kisha shamba, mahindi na maharage na maboga yamepandwa pamoja, wanayaita dada watatu. Nilimpeleka bibi yako akaone. Alicheka, akasema kumbe na hao ni wakulima, mbona mashine yenyewe haina palizi.

Ndani ya picha ya nyumba ndefu mlikuwa na vikapu. Ukibonyeza kimoja kinafunguka, kinatoa hadithi. Lakini kimoja kilijibu kwamba hadithi hii husimuliwa theluji ikiwa chini, urudi wakati huo. Kingine kikasema: hii haimo humu, mwulize bibi yako. Nilimwuliza Doroti ni ubovu gani huo. Akasema si ubovu, vikapu vile ndivyo vilivyowachukua muda mrefu kuliko vyote, maana walibishana na wazee wao miaka mingi juu ya nini kiingie na nini kibaki mdomoni mwa mtu.

Mimi, mwalimu mzima, nilifanya nini? Nilisubiri atoke kwenda kunywa chai, nikabadilisha tarehe ya kompyuta ikawa Januari, kikapu cha theluji kikafunguka. Nikaisikiliza hadithi yao mwezi wa saba, nikicheka peke yangu. Aliporudi alitazama pembe ya kioo akaona tarehe. Nikajitetea kwamba hata Njombe mwezi wa saba kuna barafu kwenye majani. Alisema tu, "Mwalimu, tarehe umeibadilisha wewe. Theluji haijaanguka." Nililichukulia kama utani wa mtu mwenye wivu na kitu chake. Yangenifaa sana maneno yale kama ningeyasikia.

Tukaanza kutengeneza ya kwetu. Hapo nisijinyime haki: ilikuwa kazi njema. Tulizunguka na kinasa sauti Yakobi nzima, tukarekodi vitendawili, nyimbo za kupukuchua mahindi, namna ya kukinga ulanzi kwenye mianzi, majina ya mimea. Vikongwe walikuja kituoni kusikia sauti zao wakawa wanajibizana na mashine. Mimi niliyewavika watoto kibao kwa ajili ya Kibena sasa nilikuwa natafuta Kibena mlango kwa mlango. Nilijiona nalipa dhambi. Na dhambi ukiilipa mbele za watu, mwanangu, kichwa huvimba. Nikaanza kutamba kwamba ya kwetu haitakuwa na kikapu kilichofungwa. Kila mtoto atabonyeza, kila kitu kitasema.

Kilichobaki kilikuwa kimoja, kuita njia.

Wewe uliona mara moja ukiwa mdogo, sijui kama unakumbuka. Ni jambo la ukoo wetu wa upande wa bibi yako, koo nyingine sijui wanafanyaje. Wanaume wetu walikwenda kwenye mkonge Tanga, wengi wakafia huko na kuzikwa huko. Basi mwanamke aliyezaliwa kwenye ukoo huenda njia panda asubuhi, umande haujakauka, na unga wa ulezi na kibuyu cha maji. Anamwita marehemu kwa jina, anapataja pale alipozikwa, anamwambia ainuke. Kisha anamwongoza mahali baada ya mahali: pita hapa, vuka mto huu, pale kuna mlima, pumzika, njoo. Mpaka mlangoni. Halafu linawekwa jiwe makaburini kwetu, na mtu amefika. Mchungaji alijua. Siku za kuita alikuwa akikohoa na kutazama pembeni.

Sharti ni moja. Ukianza, umalize. Ukikatisha, marehemu hubaki pale alipotajwa mwisho.

Nilimwomba bibi yako aniambie maneno yale yaingie kwenye kompyuta. Alikataa. Alisema haiwezekani kuita bila kuwa na wa kuitwa. Nikabembeleza, nikamwambia wajukuu watasahau. Akasema hawatasahau, Eliza akimaliza shule nitamfundisha mwenyewe, jina langu analo. Ndiyo, mama, ulikuwa umechaguliwa. Hilo pia hukuambiwa.

Miezi michache baadaye ikafika barua kutoka Muheza kwamba Babu Yeremia, kaka wa bibi yako, aliyekwenda mkonge akiwa kijana na asirudi, amefariki. Bibi alilia siku mbili, ya tatu akachukua kibuyu. Nilimsindikiza kama mwana mwema. Ndani ya koti langu kubwa la baridi nilikuwa nimeficha kinasa sauti. Wakati mama yangu anamlilia kaka yake, mimi nilikuwa namwomba Mungu mashine isitoe mlio. Haikutoa. Maneno yaliingia yote, tangu Muheza mpaka mlangoni, na pumzi zake za kulia zikaingia pia.

Doroti alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Amekubali?" Nikamjibu kwamba ni mama yangu. Akauliza tena, amekubali? Nikasema ndiyo. Ndiyo ile ilinitoka kirahisi mno. Nimewahi kuwachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo.

Akaniamini, kwa sababu mtu haanzi kumdhania mwenzake mabaya. Tuliikata ile sauti vipandevipande ili iendane na ramani. Mimi ndiye niliyechora ramani. Mtoto akibonyeza Korogwe, sauti inamwambia Yeremia apite Korogwe. Akibonyeza Morogoro, anapita Morogoro. Akibonyeza mto Ruaha, bibi anamwambia maji ni mengi, kanyaga mawe, nishike mkono. Nilifurahia sana kipande cha Ruaha. Niliweka mawimbi ya buluu yanayocheza.

Siku ya kuonyesha tulikwenda Makambako, kwenye ukumbi wa shule moja, kwa kuwa Bwana Seif alijitolea jenereta kubwa na lori. Tito ndiye aliyeendesha. Alimkalisha bibi mbele karibu yake, akambebea blanketi. Wazazi walijaa, wa Kilutheri na wa Kiislamu, wengi wao wakiwa hawajawahi kuona kompyuta. Bibi alipewa kiti cha mbele. Alifurahi na vitendawili. Alipiga makofi kwenye wimbo wa kupukuchua. Halafu nikamwita mtoto mmoja wa darasa la nne aje kwenye ramani.

Mtoto hakuanza Muheza, na angejuaje? Alibonyeza kile kilichokuwa kinacheza, mawimbi ya buluu. Sauti ya mama yangu ikajaa ukumbi: Yeremia, maji ni mengi, kanyaga mawe, nishike mkono. Ikakatika.

Bibi alisimama. Kwanza alitazama nyuma, nadhani alidhani kuna mwanamke mwingine. Kisha akaelewa, na bila kunitazama akaanza kuendeleza kwa sauti yake mwenyewe, harakaharaka, amtoe ndugu yake mtoni. Kabla hajamfikisha Iringa, mtoto akabonyeza tena. Yeremia, maji ni mengi. Bibi akarudi mtoni, akaanza upya. Watoto wakaona ni mchezo, wakajazana kwenye meza, kila mmoja anataka zamu yake ya mto, na mama yangu akawa anamvusha kaka yake na mashine inamrudisha, anamvusha na inamrudisha, sauti yake inazidi kukauka. Watu wakacheka. Walidhani ndivyo tulivyopanga.

Na mimi nilicheka, Eliza. Andika hilo moyoni mwako kuhusu baba yako. Nilikuwa nimeshaelewa ninachokiona, na bado nilicheka, kwa sababu wageni walikuwa wananitazama.

Doroti alikuwa anawapenya watoto kufikia waya. Lakini jenereta ilizimika kabla hajafika. Tito alikuwa ametoka nje na kuizima. Akaingia, akamshika bibi mkono, naye alikuwa bado anaendelea kuita, akamwacha amalize wakiwa wamesimama pale katikati ya ukumbi mpaka akamfikisha Yeremia mlangoni. Kisha akamtoa. Aliponipita alisema taratibu, kwa heshima, kwa Kibena:

"Baba, zamani ulimkataza asiseme nami Kibena. Leo umemlazimisha aseme. Utamwacha lini?"

Jioni Doroti aliniuliza kwa mara ya tatu kama mama alikubali, na safari hii nikasema hapana. Hakunigombeza. Alifuta kila kipande kwenye kompyuta mbele yangu, akanikabidhi kanda mkononi, akaniambia alizoea kudhani wanaoiba vitu vya wazee ni wageni tu. Muda wake ulipoisha aliondoka. Programu ya kwetu ilibaki kituoni, ina vitendawili na nyimbo, na mahali pa ramani ya njia alipaacha pakiwa peupe.

Bibi yako hakunisema. Alinipikia, aliniitikia, aliniuliza hali ya shule. Lakini watu wa ukoo walipokuja kumwomba aite, aliwajibu kwamba mdomo wake umeisha. Na uliporudi likizo ile ukamwomba akufundishe nyimbo, akakutuma kuteka maji, sivyo? Alikuwa anakukimbia. Aliniambia hawezi kukupa kitu kilichovunjika.

Unakumbuka kwenye programu ya Doroti palikuwa na mahali wanapomwendea mtu aliyefiwa, wanamfuta machozi, wanamsafisha masikio, wanamzibua koo ili aweze tena kuona na kusikia na kusema? Nilipaona mara nyingi. Nilipapenda. Na sikupata wazo hata siku moja la kupiga magoti mbele ya mama yangu nimwambie nimekosa. Nilingoja yapoe. Makosa yangu mengi, ukiyachimba, chini kabisa utakuta nilikuwa nangoja yapoe.

Mwaka uliofuata Bwana Seif alikuja hapa mwenyewe. Alivua viatu mlangoni ingawa tulimwambia asivue, akakaa, akatueleza. Lori lilikuwa limepinduka ng'ambo ya Tunduma, ndani sana Zambia, na kwa kuwa karatasi zote ziliungua, serikali ya kule ilikwisha kumzika Tito kabla mtu hajajua ni wa nani. Bwana Seif alikuwa ameliona kaburi. Alilia kuliko mimi. Mimi nilikuwa namtazama bibi yako, kwa sababu kijana wa ukoo wetu amezikwa mbali, na kila aliyekuwa chumbani alijua kinachopaswa kufuata.

Ndipo nilipopiga magoti, nikiwa na shida yangu. Nilimsihi mbele ya wageni. Alinishika kichwa kama mtoto, akasema, "Yeremia nilimwita mara ngapi akarudi mtoni? Sijui yuko wapi mpaka leo. Tito nimpeleke nikamwache naye?"

Hakukataa kwa kisasi. Nataka ulielewe hilo, usije ukamchukia. Aliogopa. Alikuwa bibi kizee aliyekuwa anaogopa mdomo wake mwenyewe, na hofu hiyo niliitia mimi. Kipupwe kilichofuata kilimchukua, kifua, wiki moja tu. Aliondoka na maneno yote. Dada zangu walikwisha kutangulia. Mama yako ni wa Matamba, si wa ukoo huu, hawezi.

Baada ya matanga nilifanya jambo ambalo hata mama yako hajui. Nilichukua redio kaseti na unga wa ulezi, nikaenda njia panda asubuhi, nikaweka kanda hii. Nilijiambia sauti ni yake, maneno ni yaleyale, yatamtosha Tito. Kanda ikaanza: Yeremia, inuka Muheza. Yeremia, pita Korogwe.

Nilikuwa nimesikiliza kanda ile mara nyingi na sikuwa nimewahi kufikiri. Ilikuwa inamwita mtu mwingine, kwa njia nyingine. Tito hakuwa Muheza. Ukimpitisha mtu Korogwe na Ruaha wakati amelala Zambia, unampeleka wapi? Nikasimama pale, mama yangu anamwita kaka yake kwa upendo wote ule, na mwanangu hatajwi. Sikuthubutu kuzima. Nilisikiliza mpaka mwisho, mpaka mlangoni. Kisha nikafungua kinywa nimwite Tito mwenyewe, nikasema jina lake, na nikakwama hapohapo, kwa kuwa sikujua kijiji alichozikwa kinaitwaje wala mto wa kwanza baada ya hapo ni upi. Nilikuwa na jina la mwanangu mdomoni na sikuwa na mahali pa kumwambia akanyage.

Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nimeiba. Nilidhani nimeiba maneno, kumbe maneno ni machache, mtoto angeweza kuyakariri. Bibi yako alikuwa anamtengenezea kila marehemu njia yake. Aliuliza wasafiri, aliuliza madereva, alikaa siku nzima akiunga mahali na mahali kabla ya kwenda njia panda. Kazi hiyo haikuwa kwenye kanda. Ndiyo aliyotaka kukufundisha.

Basi nilipanda lori la Bwana Seif. Mlidhani nimekwenda Iwawa kutafuta mbegu za viazi. Nilikwenda hadi kaburini. Kuna kijiti na namba, na wanawake wa kijiji kile wamepalilia, Mungu awabariki, ingawa hawamjui. Nikiwa njiani kurudi niliandika kila mto, kila mlima, kila mji, tangu pale mpaka mpakani, Tunduma, Mbozi, Mbeya, Chimala, Igawa, Makambako, mpaka geti letu. Pale nilipoona mto usio na daraja niliandika ni wa kina gani. Bwana Seif alisimamisha lori kila nilipomwambia, na hakuuliza.

Sasa sikiliza nilichoamua, na kama nimekosea tena utaniambia. Kanda utaikuta ndani ya sweta lako la kijani, imefungwa pamoja na karatasi ya njia ya Tito. Siitoi kwa ajili ya programu yoyote. Huko unakwenda kujifunza kutengeneza vikapu vinavyofunguka na vile vinavyokataa, na ukitengeneza cha kwetu, hiki kikatae. Ninakupa wewe, kama mwanamke wa ukoo. Ukianza kuisikiliza usiizime katikati. Na ninakupa bila ruhusa ya mwenyewe, kwa hiyo ni wizi wa pili, sijifichi. Mpelekee Doroti swali hilo. Ana vikongwe wake waliobishana miaka mingi juu ya mambo kama haya. Wakikwambia uiache, iache, na Tito abaki alipo, na mimi nitakufa nikijua hivyo. Wakikwambia jifunze, jifunze, kisha urudi uje umwite kaka yako. Ni mzigo mbaya kumpa mtoto anayeanza safari. Nimetafuta mwingine wa kumpa, sikumwona.

Nawasikia barabarani. Mama yako anakucheka kwa jambo fulani, na wewe unajitetea.

Kuna moja limebaki, nalo lilinifanya niwe mkali jana. Uliponitajia ndege na bahari nilihesabu wanawake wa ukoo waliobaki hapa wa kukuita wewe kama likitokea la kutokea. Hayupo hata mmoja. Nitakuwa mimi tu, mwanamume, mdomo wangu haufai, lakini nitasimama njia panda hivyohivyo. Kwa hiyo usiniandikie habari za chakula wala za masomo, au ziandike mwisho. Niandikie njia. Kila mji basi linapopita, kila mto hata kama ni mdogo, uwanja wa ndege, nchi mnazoshukia, jina la maji mliyoyavuka, barabara ya kufika nyumbani kwa Doroti. Kwa mpangilio, bila kuruka. Kama hujui jina, muulize aliyekaa karibu nawe. Sitaki kukwama tena na jina la mtoto wangu mdomoni.

Anza na Makambako.

Baba yako